Pikipiki Yenye Kifua

Ndugu msomaji, ukisimama kando ya barabara yoyote ya mjini asubuhi, pikipiki mia moja zitakupita kabla hujamaliza kikombe chako cha chai, nazo zote utaziona kuwa ni watoto wa baba mmoja: tenki juu, injini ndogo chini yake, tairi jembamba, na kiti kirefu cha kubebea abiria au gunia. Hizo ni pikipiki za kazi, na sina neno baya juu yake. Leo nakuomba tuzungumze juu ya jamaa yao wa mbali, ambaye yumkini umemwona katika picha tu au katika simu ya kijana wako. Pikipiki ambayo Wamarekani huiita pikipiki ya misuli.

Jina hilo halikuzaliwa na pikipiki. Lilitoka kwenye motokaa. Katika miaka ya 1960 makampuni ya Marekani yalianza kutia injini kubwa mno ndani ya gari la ukubwa wa kawaida, na Pontiac GTO ya mwaka 1964 ndiyo aghalabu hutajwa kuwa iliyofungua mlango. Gari za namna hiyo hazikukusudiwa kukata kona kwa ufundi. Zilikusudiwa kusimama kwenye taa za barabarani, na taa ikigeuka kijani, kumwacha jirani akila vumbi. Mchezo huo ulikuwa na kipimo chake: robo maili, yaani mita 402 za barabara iliyonyooka, mashindano yakianzia pale chombo kimesimama kimya. Pikipiki ya misuli ni mtoto wa mchezo huo. Ukilisahau jambo hili, umbo lake lote litakuwa pambo tu machoni pako. Ukilikumbuka, kila kiungo chake kitajieleza chenyewe.

Mimi nilifanya kazi baharini kwa miaka kumi na minne, katika chumba cha injini. Mtu wa kazi hiyo hufika katika bandari nyingi na kuona miji michache, kwa maana meli ikitia nanga ndipo mashine zinapofunguliwa. Mwaka 1989, pale Baltimore, nilipata nusu siku ya mapumziko, nami nikaitumia nusu siku hiyo karibu yote nikiwa nimechutama nje ya lango la bandari, mbele ya pikipiki ya mpakuaji mizigo mmoja. Ilikuwa Yamaha V-Max, nyeusi, na hadi leo naona kwamba hakuna pikipiki nyingine inayofaa kuliko hiyo kumfundishia mtu maana ya neno misuli.

Nikueleze nilichokiona. Kwanza, injini ndiyo iliyokuwa pikipiki yenyewe. Katika pikipiki za mashindano ya kona, mashine hufunikwa kwa plastiki ili upepo upite bila kikwazo, na mwendeshaji hulala kifudifudi juu ya tenki. Hapa hapakuwa na kifuniko. Silinda nne zilizopangwa kama herufi V, zenye ujazo wa sentimeta 1,198, zilijaa kati ya magurudumu mawili hata ukajiuliza vitu vingine vimewekwa wapi. Na kwa hakika viliwekwa kwingine. Tenki la petroli, lita 15, lilikuwa chini ya kiti. Mwenyewe alinua kiegemeo cha kiti, nikaona kifuniko cha petroli kimejificha pale. Kile nilichodhani ni tenki, juu ya injini, kilikuwa bamba tu la kufunika njia za hewa. Kwa mpango huo uzito wa petroli ulishuka chini, na juu pakabaki nafasi ya hewa kuingia kwenye kabureta kwa mstari ulionyooka.

Pili, uzito wote wa umbo lake ulionekana kuegemea nyuma, kama mnyama anayejikusanya kabla ya kuruka. Gurudumu la nyuma lilikuwa bamba la alumini lisilo na spoki, la inchi 15, na tairi lake nene kama la gari dogo. Hili halikuwa jambo la urembo. Chombo kinapoondoka kwa nguvu, uzito hukimbilia nyuma; tairi la nyuma lisipokuwa na mshiko litazunguka pale pale na kuunguza mpira, na chombo kikiwa kifupi na kirefu kwenda juu, gurudumu la mbele litainuka hewani. Ndiyo maana pikipiki za ukoo huu ni ndefu, za chini, na pana nyuma. Usukani nao ni mpana na hauna mbwembwe, kwa sababu mwendeshaji huketi wima na kushikilia kwa mikono yote miwili.

Tatu, kila upande wa lile tenki la uongo palikuwa na kinywa kikubwa cha alumini kilichoelekezwa mbele, kama pua za fahali. Nikaingiza vidole ili nijue hewa inapita wapi. Haikuwa ikipita popote! Vinywa vile vilikuwa vimezibwa. Mwenyewe akacheka, nadhani sikuwa wa kwanza kuingiza vidole.

Basi akanipandisha nyuma yake. Tuliondoka polepole hadi kwenye barabara ya maghala, ndefu na tupu, na hapo akafungua mafuta. Mwanzo nilihisi msukumo wa kawaida wa injini kubwa, mzito na wa kuendelea. Kisha, mashine ilipofikia mizunguko kama 6,000 kwa dakika, mlio wake ukabadilika ghafla, na nikavutwa nyuma hata mikono ikaniuma. Sikujua pale pale kilichotokea. Baadaye nilisoma. Silinda za injini ile ziliungwa mbili mbili kwa vijia, na katika vijia hivyo mlikuwa na vali ambazo wakati wa mwendo mdogo hukaa zimefungwa, kila silinda ikinywa kutoka kabureta yake. Mizunguko ikipanda, mota ndogo ya umeme huzifungua taratibu, na kila silinda ikaanza kunywa kutoka kabureta mbili. Yamaha waliuita mpango huo V-Boost. Kwa ujumla walidai nguvu za farasi 145 hivi, jambo lililokuwa la ajabu kwa pikipiki ya barabarani ilipotolewa mwaka 1985, na injini yenyewe ilikuwa imekuzwa kutoka pikipiki yao ya safari ndefu, ile ya kubebea wazee na masanduku. Robo maili iliikata kwa sekunde 11 hivi.

Lakini idadi ya farasi si kiini cha habari. Hapa vijana wengi hupotea, kwa kuwa huuliza swali moja tu: inakwenda kasi gani? Pikipiki za mashindano huishinda pikipiki ya misuli kwa kasi ya mwisho, tena bila shida. Kinachoitofautisha hii ni ile nguvu ya kusokota, inayosukuma gurudumu tangu chini. Ukifungua nati iliyoshika kutu, wepesi wa mkono haukusaidii. Kinachokusaidia ni spana ndefu na mkono mzito. Waingereza wa kampuni ya Triumph walilichukua wazo hili wakalifikisha mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angesimama kabla ya kufika. Rocket III yao ya mwaka 2004 ilikuwa na injini ya sentimeta za ujazo 2,294, na ile iliyoifuata mwaka 2019 ina 2,458. Kwa kulinganisha, Hiace nyingi zilizotubeba kama daladala zilikuwa na injini ya dizeli ya 2,446. Yaani, ndugu msomaji, injini iliyosukuma abiria waliobanana, kondakta wao na mizigo yao ni ndogo kuliko hiyo inayombeba Mwingereza mmoja na koti lake la ngozi. Nguvu yake ya kusokota hufikia nyutoni mita 221. Bodaboda yetu ya kawaida ya ujazo wa 150 ina kama 12.

Waitaliano wa Ducati walikwenda njia nyingine mwaka 2011 kwa Diavel yao: mabega mapana, kiuno chembamba, tairi la nyuma la upana wa milimeta 240, lakini uzito mdogo kiasi cha kuweza kulala kwenye kona. Ni nzuri. Kwa macho yangu ni kama mcheza ngumi aliyevaa suti.

Nisije nikakudanganya kwamba V-Max ilikuwa kamili. Ilikuwa na misuli kuliko mifupa. Fremu yake ya mabomba ya chuma na zile nguzo mbili za mbele zinazoshika gurudumu zilikuwa nyembamba kwa nguvu iliyokuwa juu yake, na kwenye mwendo mkubwa ilianza kutikisa kichwa. Kona haikuzipenda. Breki za mbele na nguzo hizo ziliimarishwa mwaka 1993 tu, miaka minane baada ya farasi wale kuachiwa. Mimi naona kasoro hiyo ni kubwa kuliko wapenzi wake wanavyokubali. Mtu anayeunda chombo cha kuondoka kwa ghadhabu hivyo anawiwa na mnunuzi breki za kufanana nacho. Na Ufaransa, ambako hadi mwaka 2016 sheria haikuruhusu pikipiki mpya kuzidi farasi 100, iliuzwa ikiwa imepunguzwa nguvu. Watu waliinunua vivyo hivyo, pua za fahali na yote.

Habari hiyo ya Wafaransa imenirudia akilini mwaka huu kwa sababu ya mpwa wangu. Anaendesha bodaboda kwa mkataba: kila wiki anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, na imebaki miezi mitano pikipiki iwe yake. Nyumbani kwangu ipo picha niliyopigwa pale Baltimore nimeketi juu ya mashine ile, naye ameitazama tangu utotoni. Siku moja alikuja, akaniamkia, akanivuta nje. Fundi wa faiba alikuwa amemtengenezea mabawa mawili yenye vinywa, yaliyoanzia kwenye tenki yakashuka kufunika injini pande zote mbili. Nyuma lilikuwa limefungwa tairi nene ambalo lilikaribia kugusa madigadi.

“Mjomba, si imefanana?”

Ilifanana, tena fundi ana mkono mzuri. Lakini nilichutama tena, kama nilivyochutama mwaka 1989, na nikapeleka kiganja karibu na silinda bila kugusa. Injini ya V-Max hupozwa kwa maji. Ina rejeta yake, hata ukiivisha joho haijali. Injini ya bodaboda hupozwa kwa upepo. Vile vipande vyembamba vinavyoizunguka silinda kama mapezi ya samaki vimewekwa hapo ili upepo uvipitie na kuondoka na joto. Faiba ilikuwa imeuzuia upepo huo. Nikamwuliza kama chombo kinachoka mlimani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba tangu juma lililopita kikibeba watu wawili kinapoteza nguvu, naye alidhani ni petroli mbaya. Silinda ikizidi joto, mafuta ya injini huwa mepesi kama maji, pistoni hukwama, na kijana anabaki na deni la miezi mitano juu ya chuma kisichowaka.

Tairi nalo ni hesabu. Tairi nene huhitajika pale farasi 145 wanapotaka kulizungusha kwa nguvu. Farasi kumi na wawili hawana uwezo huo hata barabara ikiwa na utelezi. Wao hulibeba tu kama mzigo. Chombo huchelewa kuondoka, hunywa zaidi, na usukani huwa mzito kugeuka unapokwepa shimo ukiwa na mtoto wa shule nyuma yako.

Nilimweleza hayo yote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake: “Mjomba, tangu nifunge haya mabawa, abiria wakifika kijiweni wananichagua mimi. Wananipita na wengine wako mbele kwenye foleni.” Akanitajia fedha alizoongeza kwa juma. Zilikuwa fedha za kweli. Kama Wafaransa walitoa pesa zao kwa umbo ambalo nguvu zake zimepunguzwa, kwa nini msichana wa ofisini asiongeze miatano kwa umbo ambalo nguvu hizo hazikuwamo kabisa?

Siku kumi baadaye alirudi. Mabawa yalikuwa yapo pale pale, lakini sehemu iliyofunika silinda ilikuwa imekatwa, na vile vinywa vya mbele vilikuwa vimetobolewa hadi ndani, hivi kwamba upepo ukiingia unashuka moja kwa moja kwenye mapezi ya injini. Wazo ni la yule fundi wa faiba. Nikamwambia mpwa wangu kwamba Yamaha walipoitoa V-Max mpya ya mwaka 2009, yenye ujazo wa 1,679 na fremu ya alumini, pua za fahali nazo zilifunguliwa zikaanza kuvuta hewa kweli kweli. Wao walichukua miaka ishirini na minne kufika hapo. Alifurahi mno, akataka nimwandikie mwaka huo kwenye karatasi akamwonyeshe fundi. Chombo sasa kinapanda mlima na watu wawili. Kuhusu tairi, bado tunabishana.