Mkono wa Mjomba

Kwetu Mombasa nguo za marehemu hazikai. Matanga yakishaanuliwa, kanzu hutolewa kabatini zikapewa wanaozihitaji, na viatu navyo hufuata. Ni desturi ya busara, maana humwokoa mfiwa asigeuke bawabu wa kabati. Ila walioiweka hawakumfikiria mtu atakayekufa na kuacha Datsun 240Z uani, chini ya banda la makuti, matairi hayana upepo na panya wamezaa ndani ya kiti cha abiria.

Mjomba hakuacha mtoto. Mirathi ilipogawanywa, mkewe alichukua robo yake, ndugu wakagawana kilichobaki, na gari likamwangukia mama yangu kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka. Mama hajui kuendesha. Alinipa funguo akaniambia, "Mwanangu, litengeneze au liuze. Lisiozee pale mbele ya macho yangu."

Nikasema nitalitengeneza. Kumbe swali halijaulizwa bado: litengenezwe liwe vipi?

Gari lenyewe lina historia yake katika nchi hizi. Nissan walilitoa mwaka 1969. Kwao Japani likiitwa Fairlady Z, huku nje Datsun 240Z. Boneti ndefu, silinda sita kwa mstari mmoja, cc 2,393, karbureta mbili. Wajapani walilikusudia hasa liwavutie Wamarekani, lakini sisi tulilijua kwa vumbi la mbio za magari za Safari. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo, na mwaka 1973 wakashinda Shekhar Mehta na Lofty Drews.

Mjomba alikuwa mtu wa Mehta. Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945, katika ukoo wa Kihindi wenye mashamba na biashara, na mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, jamaa zake wakakimbilia Kenya. Pasaka iliyofuata alishinda Safari, tena kwa chupuchupu. Alilingana kwa alama za adhabu na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, ikabidi iangaliwe nani alifika mbali zaidi bila kupata adhabu. Baadaye Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, rekodi ya kujivunia, lakini hizo Mjomba alizitaja kwa pumzi moja na kuziacha. Ya 1973 aliisimulia kila mara kama habari ya jana. Nadhani kilichomshika ni kalenda kuliko kombe: ile miezi michache tu baina ya kufukuzwa na kushinda. (Waliofukuzwa walio wengi hawakupata kombe lolote. Mjomba alilijua hilo. Baadhi yao walikuwa jirani zake.)

Lake yeye alilinunua likiwa limeshachoka, akaendelea kulichosha. Injini ya kwanza ilipokufa hakuhangaika kutafuta mwenzake. Alichukua injini ya lita 2.8 kutoka kwenye Datsun 280C iliyogongwa, gari la watu wazima na mikutano, akaitumbukiza na kuhamishia juu yake karbureta zilezile mbili. Nembo ya 240 ikabaki ubavuni ikisema uongo. Aliinua springi kwa ajili ya mashimo, akafunga bamba la chuma chini ya injini, akaweka radieta kubwa kuliko ile ya kiwandani, na kiti cha dereva akakitoa kwenye Peugeot 504, kwa sababu mgongo wake, alisema, haukuwa wa Kijapani. Juu ya kifuniko cha chujio la hewa aliandika kwa rangi nyeupe, kwa brashi nyembamba: 1-5-3-6-2-4. Ndio mpangilio wa silinda kuwaka moto. Aliujua kwa moyo. Nadhani aliuandika kwa ajili ya fundi mwingine yeyote atakayefungua boneti asijue aanzie wapi.

Alikuja mnunuzi, mtu mpole anayekusanya magari ya zamani. Alilizunguka, akainama, akasoma namba ya injini, akasikitika kweli. Akanishauri nisiuze kwanza. Nitafute injini ya asili, niishushe springi, nirudishe viti, kisha nimpigie, na bei itakuwa nyingine kabisa. Akanitajia mfano wa Nissan ya Marekani, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1990 ilinunua 240Z kuukuu, ikazifanya mpya kabisa na kuziuza tena kwa takriban dola 25,000. Yote ni kweli. Katika soko lao, gari bora ni lile linaloonekana kana kwamba halijapata kuishi.

Lakini gari kama lilivyotoka kiwandani ni gari ambalo Mjomba hajaligusa. Kila nitakachokirudisha kwenye asili yake, nitakuwa nimeondoa siku fulani ya mtu huyu: siku aliyoumwa mgongo, siku aliyopasua sampu kwenye jiwe, siku injini ilipomfia na pesa hana. Tukilikamilisha hivyo tutakuwa tumepata gari la 1971 na kumpoteza mwenyewe mara ya pili, safari hii kwa mikono yetu na kwa gharama yetu. Wanaotaka asili wana hoja yao, nami siwacheki; lazima yabaki machache ya kuonyesha jinsi kitu kilivyoundwa. Hili letu lisiwe miongoni mwa hayo.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Hayakuwa, kwa sababu ya chumvi. Hewa ya bahari haibagui kazi ya kiwanda na kazi ya marehemu. Chini ya betri tindikali ilikuwa imetiririka miaka mingi ikala chuma hadi kwenye fremu, na sakafu upande wa dereva ilikuwa zulia na rangi tu. Fundi wa bodi, mzee aliyemjua Mjomba tangu ujana, aligonga pale kwa ncha ya bisibisi, ikazama bila kelele.

"Biskuti," akasema.

Humo ndani mlikuwa na viraka vya Mjomba, vilivyochomelewa vibaya, kimoja juu ya kingine, mahali pengine kipande cha debe. Nilimwuliza fundi kama hatuwezi kuacha hata kimoja. Akaniangalia kwa upole ambao mafundi huwawekea wafiwa, kisha akawasha grinda. Alikuwa na haki. Kiraka cha debe si wasia. Nyaya nazo tulizitoa zote. Mjomba alitumia rangi yoyote iliyokuwa karibu, na mahali pawili plastiki ilikuwa imeshaungua. Kumpenda mtu hakunilazimu nife kwa umeme wake. Platini pia tumeziondoa, tukaweka kiwashio cha elektroniki, na sikuona uchungu.

Uchungu ulikuja kwenye karbureta, nami sikuutarajia pale. Zikiwa mbili, kila moja hulisha silinda tatu, na lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo injini hutetemeka. Leo kuna kipimo cha kuweka mdomoni mwa karbureta, kina namba zake, na fundi kijana aliyekuja kutusaidia anacho. Mjomba alikuwa na kipande cha mpira wa bustani. Injini ikishapata moto, alitoa chujio, akaweka ncha moja ya mpira kwenye mdomo wa karbureta ya mbele na nyingine sikioni, akafumba macho. Kisha ya nyuma. Akizungusha skrubu kidogo, mbele tena, nyuma tena, mpaka misonyo miwili ifanane. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Wakati mwingine aliniwekea ule mpira sikioni akaniuliza, "Ipi inavuta zaidi?" Nikijibu kwa kubahatisha alicheka, akarekebisha bila kuniambia kama nimepatia.

Mpira tuliukuta kwenye sanduku la vifaa, umekakamaa. Nilikata mwingine, nikajaribu. Nilisikia msonyo, kisha msonyo. Tofauti ilikuwepo, kipimo cha kijana kiliionyesha wazi, lakini masikio yangu hayakuiona. Injini tunaweza kuifungua na kuifunga, chuma tunaweza kukata na kuchomelea kingine. Sikio lile halimo kwenye mgao wa mirathi wala kwenye sanduku la vifaa. Lilizikwa naye, na aliyepata nafasi ya kujifunza alikuwa ameshika tochi akiwaza mchezo. Nimeacha kuliona jambo hilo kama deni. Mtoto ana haki ya kuwaza mchezo. Lakini ni pale, nimeinama juu ya injini iliyo hai, nilipolia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kijana wa kipimo akaenda kununua maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Tumelinganisha kwa kipimo. Linanguruma vizuri. Kifuniko cha chujio kimerudi na namba zake nyeupe; fundi wa rangi ameonywa.

Sasa Mama hushuka uani jioni, akakaa kwenye kiti cha Peugeot mlango ukiwa wazi, akijipepea na kanga. Juzi aliuliza, "Hili lina kiyoyozi?"

"Halina, Mama. Mjomba hakutaka kabisa. Alisema kinaiba nguvu za injini."

"Yeye alikuwa akiendesha. Mimi nitakuwa nimekaa tu. Kitie."

Mzee wa bodi alichungulia injini, akasema mahali pa kufungia kompresa papo. Ya kwanza tuliyouziwa ilikuwa mbovu na muuzaji hataki kurudisha pesa, kwa hiyo tunatafuta nyingine. Mama amesema nusu atatoa yeye.