Kyungu, Stesheni na Mama wa Makayabu

Gabriel Kyungu wa Kumwanza alipofariki Luanda, Agosti 2021, vijana wa kwetu Dilala, mjini Kolwezi, waliniuliza alikuwa nani. Bei ya kobalti ya asubuhi na ya jioni wanaijua, wachezaji wa Mazembe wanawataja wote, lakini mtu aliyekaa katika siasa za Katanga miaka 40 na zaidi kwao ni jina la redioni tu. Iliniuma sana.

Na redio yenyewe! Walimwita Baba wa Katanga, wakaanzia 1980, na hapo walikuwa na haki. Wabunge 13 walimwandikia Rais Mobutu barua ndefu ya wazi, Kyungu akiwa miongoni mwao, bega kwa bega na Tshisekedi na Ngalula, watu wa Kasai. Walifungwa. Ule ulikuwa ujasiri wa kweli. Kisha msomaji wa habari akaruka mpaka alipoongoza Bunge la mkoa. Miaka aliyoiruka ndiyo niliyoiishi mimi.

Mtaani kwetu makayabu, samaki wa chumvi, yaliuzwa na mama mmoja Mkasai, mke wa fundi wa Gécamines, kampuni ya migodi. Meza yake ilikaa chini ya mwembe, samaki wamepangwa kwa safu, chumvi imeganda migongoni, na harufu yake ilikufikia kabla hujapinda kona. Kupima alipima kwa jicho. Mtoto akitumwa kununua, alimwongezea kipande cha mkia: "Peleka ku mamu yako." Mikopo aliiandika kwa mkaa ukutani, mstari mmoja kila kipande; mshahara ukitoka, alifuta kwa kitambaa kibichi mbele ya macho yako. Baba mkwe wake aliletwa na Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni. Watoto wake walizaliwa Kolwezi, na Kiswahili chao kilikuwa kile kile chetu.

Mwishoni mwa 1991 Kyungu akawa gavana, Nguza akiwa waziri mkuu. Katanga kwa Wakatanga, zilisema hotuba, na Wakasai wakaitwa bilulu, wadudu. Vijana wa JUFERI, tawi la vijana la chama chao UFERI, wakaingia mitaani. Kufukuzwa kwa Wakasai kulianza Likasi 1992. Kwetu kulifika Machi 1993. Tarehe nimeihakiki, ila mimi nakumbuka mvua.

Maelfu walilala stesheni ya Kolwezi, juu ya masanduku na magodoro, wakingoja treni ya Mwene-Ditu na Kananga. Wengi walikuwa hawajawahi kuiona Kasai. Watoto walikufa kwa kuhara na surua hapo hapo. Mamu alinituma na bukari na sombe, sufuria imefungwa kwa kitambaa. Nilimkuta mama wa makayabu ameketi juu ya gunia la samaki wake. Aliwagawia wanawe, akala wa mwisho, akatafuta maji katika ule umati akaiosha sufuria ndipo akanirudishia. Ukutani kwake mistari yetu ilikuwa bado. Deni lile hatukulilipa, na mamu alilitaja mpaka alipokufa.

Watu husema Kolwezi ilianguka mgodi wa Kamoto ulipoporomoka 1990. Ni kweli, lakini haitoshi. Mafundi waliojua mashine zile waliondoka kwa treni.

Ugavana ulikwisha 1995. Baadaye kikaja chama chake cha UNAFEC, kisha akaongoza Bunge la Katanga enzi za gavana Katumbi. Mwaka 2015 mkoa ukagawanywa, sisi tukawa Lualaba. Mwaka 2016 alikuwa tena upande mmoja na mzee Tshisekedi, na 2019 Tshisekedi mwana, akiwa rais, akamteua mwenyekiti wa bodi ya SNCC, shirika la reli. Habari hiyo niliisoma mara mbili. Reli ile ile. Wakubwa walipatana wao kwa wao. Waliolala stesheni hakuna aliyewaita kikaoni.

Sasa Wakasai wanashuka tena Kolwezi, wengi kwa malori, wakitafuta kazi migodini. Na sokoni Dilala nasikia maneno ya 1992, neno kwa neno, kutoka kwa vijana ambao mwaka huo walikuwa hawajazaliwa, wale wale wasiomjua Kyungu.