Usiwaulize Kama Wameipenda

Morogoro

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma kwa makini. Umeniomba ushauri, nami nitakupa ule nilionao. Maisha yangu ya kazi yamepita madarasani na katika ukaguzi wa shule. Undani wa kompyuta zenu siujui, lakini wanafunzi, wazazi na walimu nawajua, na hao ndio mnaowatengenezea tovuti yenu ya masomo.

Unasema wanafunzi wanajisajili, wanaingia mara moja, kisha hawaonekani tena. Mkatuma dodoso kwenye magrupu ya WhatsApp, na karibu wote wakajibu kwamba tovuti ni nzuri sana. Sasa wenzako wanataka kubadilisha rangi na ukurasa wa mbele. Nakusihi, rangi ziacheni kwanza. Majibu yale hayajawaeleza lolote kuhusu tovuti. Yamewaeleza kwamba watoto wetu wamelelewa.

Mtu wa kwetu akiulizwa na mgeni kama kazi ya huyo mgeni ni nzuri, atasema nzuri. Anafanya hivyo kwa heshima, wala hana nia ya kukudanganya. Nimekaa nyuma ya madarasa mengi nikimsikia mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" na darasa zima likaitika, "Ndiyooo!" Mwalimu anayeijua kazi yake hasongi mbele hapo. Humpa chaki mmoja wa wale wa dawati la nyuma aje afanye swali ubaoni, naye mwalimu akasogea pembeni kutazama. Ushauri wangu wote umo katika chaki hiyo.

Mtafute mwanafunzi wa kidato cha pili na simu anayoitumia kila siku, umpe kazi ya kufanya: atafute mada ya usanisinuru, aisome, ajibu maswali mawili. Mwambie mapema kwamba inayopimwa ni tovuti, yeye hayuko kwenye mtihani. Mwombe aseme kwa sauti anachotafuta na anachodhani kitatokea akibonyeza. Wewe uliyeichora kaa kando, mwenzako aongoze mazungumzo. Kisha nyamazeni. Hapo ndipo penye ugumu, maana kidole kitakuwasha kumwonyesha kitufe kilipo. Ukimwonyesha, jibu ulilolifuata limekwisha potea. Akikwama, andika amekwama wapi, alitarajia kuona nini, na amebonyeza nini badala yake. Na mafundi wenu wote waje watazame kwa zamu. Ripoti haimwumizi fundi kama kumwona mtoto akihangaika na kazi yake.

Msijitetee kwamba hamna fedha. Jakob Nielsen, mtaalamu wa fani hii, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya utumiaji wa tovuti. Aliona ni heri upime watano, urekebishe, kisha upime wengine watano, kuliko kuwakusanya kumi na tano kwa mara moja. Ila hesabu hiyo ni ya watu wa aina moja. Mwanafunzi, mzazi anayelipia na mwalimu ni makundi matatu, na kila moja lina shida zake.

Mfano mkubwa wa haya uko kwa jirani zetu. Mwaka 2005 Safaricom na Vodafone walianza majaribio nchini Kenya ili wateja wa taasisi ya mikopo midogo waweze kulipa mikopo yao kwa simu. Wateja walipoipata huduma ile, wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao na kuwanunulia jamaa zao muda wa maongezi. Waliosimamia majaribio waliyaona hayo, wakayachukulia kwa uzito, na huduma hiyo, M-Pesa, ilipozinduliwa Machi 2007 ikatangazwa kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Dodoso huuliza yale tu ambayo mwulizaji ameshayafikiria. Jambo kubwa kuliko yote katika huduma ile lilionekana kwa kutazama.

Sasa, mtawatazamia wapi? Msiwaite ofisini kwenu kwenye kiyoyozi na intaneti isiyokatika. Nendeni nyumbani kwao. Mtakuta simu ni ya mama, mama yuko sokoni nayo, na inarudi saa mbili usiku ikiwa na chaji kidogo. Mtakuta wadogo watatu wanaisubiri simu hiyo hiyo. Mtaona video yenu ya dakika kumi ikimaliza bando la siku nzima. Hakuna mtoto atakayewaandikia kwamba aliacha kuingia kwa sababu nyumbani hapakuwa na pesa ya bando. Atasema alikuwa na kazi nyingi. Sikiliza pia anasoma maelekezo yenu kwa lugha gani anapojisemea. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha kidato cha kwanza karibu kila somo likamjia kwa Kiingereza. Huenda mada anaiweza, akashindwa na maneno yaliyo juu ya kitufe.

Kalenda pia itazameni. Wanafunzi wengi wa bweni hawana simu muhula mzima, kwa hiyo msione grafu imeshuka mwezi wa tatu mkadhani wamewachoka. Likizo ya Juni na ya Desemba ndiyo nafasi yenu.

Kwa wazazi, acha kuuliza, "Ungelipia huduma hii?" Watakubali wote. Uliza mara ya mwisho alilipia nini cha masomo ya mtoto, lini, kiasi gani, na pesa ilitoka wapi. Anayepata riziki kwa siku hawezi kuishi kwa malipo ya mwezi, hata akikuitikia kwa tabasamu. Na kama mzazi hasomi vizuri, usimpe simu mbele ya watoto wake umwambie asome. Zungumza naye tu.

Kisha wapigie wale waliojisajili wasirudi. Najua mnawakwepa, kwa sababu inauma. Hao wanajua jambo ambalo wanaowasifu hawalijui.

La ruhusa sitalipunguza hata kidogo. Hawa ni watoto. Mzazi akubali kwanza, na mtoto mwenyewe akubali, na aweze kuacha katikati bila kuulizwa kwa nini. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Isomeni kabla hamjarekodi sauti ya mtu. Picha ya mtoto aliyekwama kwenye swali isionekane kwenye kurasa zenu za matangazo. Wape nauli na bando kwa muda wao, na wajue watapata hata wakisema tovuti ni mbaya.

Jambo la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Watu wetu wamehojiwa sana. Wamejaza fomu za watafiti wa kila namna, na wengi hawakuwahi kusikia majibu yao yalifanya nini. Mkisharekebisha, rudini kwa yule mama na watoto wake, muwaonyeshe kilichobadilika kwa sababu yao, na kama kuna mlichoshindwa kubadilisha, waambieni hivyo. Nenda wewe mwenyewe, mwanangu, usimtume mtu.

Ni mimi,
Shangazi yako