Msisubiri feni ya Marekani

Najua nimekuwa kimya, zamu za usiku zimenibana. Leo sina stori za huku, nina neno na ninyi mlio nyumbani kwa mama. Kila nikipiga simu naambiwa, "Tuletee feni ya huko, za huku hazidumu." Wengine mmeshaweka oda kabisa, moja ya mezani, moja ya kusimama. Jibu langu ni hili: feni sileti. Kabla hamjaninunia, nisikilizeni.

Umeme wa Marekani ni volti 120, wa kwetu Tanzania ni volti 230. Feni ya huku ukiichomeka Dar inapata karibu mara mbili ya volti zake. Mota itaungua, mtabaki na harufu tu. Mtasema tutatumia transfoma ya kupunguza umeme. Sawa, volti zitashuka, lakini kuna kitu kingine kinaitwa hezi: huku ni 60, huko ni 50, na transfoma haibadilishi hezi. Feni itazunguka taratibu na mota itapata moto. Ukijumlisha bei ya transfoma na gharama ya mzigo, heri mkanunue Kariakoo.

Halafu nasikia pangaboi la chumbani kwa mama linavuma tu, halizunguki mpaka mtu alisukume kwa ufagio. Kha! Hiyo ni dalili, kama mgonjwa anavyokuwa na dalili. Feni inayovuma, halafu ukiisukuma inaendelea yenyewe, mara nyingi tatizo ni kapasita, kile kidude kinachoipa mota nguvu ya kuanza. Ni kitu cha bei ndogo. Mwiteni fundi umeme, azime swichi kubwa kabla ya kugusa waya, aweke kapasita yenye maikrofaradi zile zile, na volti zake zisiwe pungufu. Msiliache linavuma bila kuzunguka, mota itajipika yenyewe.

Na ile ya mezani, ikiwa haitoi hata sauti, anzeni na mambo rahisi. LUKU ina yuniti? Soketi inawasha kitu kingine? Fyuzi ya plagi ni nzima? Ikiwa inazunguka kwa uzito, chomoeni plagi, zungusheni mapanga kwa mkono. Yakiwa mazito, futeni vumbi, tieni matone mawili ya oili ya cherehani kwenye ekseli. Ikinuka kuungua, zimeni, msijaribu tena.

Sasa naongea kama nesi. Feni haipoozi hewa. Inasaidia jasho likauke, na jasho likikauka mwili unapoa. Hapa Phoenix mwaka 2023 joto lilifika nyuzi 43 au zaidi kwa siku 31 mfululizo, na kaunti yetu ya Maricopa ikahesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo. Kwenye joto la namna hiyo feni inakupulizia moto, kama umesimama mbele ya oveni. Dar haifiki huko. Kwa joto lenu la Februari, nyuzi 32 au 33 na jasho halikauki, feni ni msaada mkubwa.

Ndiyo maana habari ya lile pangaboi siifanyii mzaha. Mama ana miaka 71, anakunywa dawa ya presha, ile ya kukojoza, na si mtu wa kulalamika. Ukimuuliza anajibu, "Mzima, mwanangu." Lakini Jumapili nimepiga saa nne asubuhi kwenu, bado amelala. Mama yupi huyo anayelala mpaka saa nne? Usiku halali, jamani, ni joto.

Basi naomba: madirisha wazi, maji karibu na kitanda, kitambaa kibichi shingoni. Dawa asiache bila kumuuliza daktari. Mkiona anachanganya maneno, au hajakojoa tangu asubuhi, msinipigie mimi kwanza. Mpelekeni hospitali, simu baadaye.

Hela ya fundi na kapasita nimeshamtumia shangazi leo. Kesho jioni nitapiga, na nitataka kuongea na mama mwenyewe.

Wasalaam, na wasalimieni wote.