Lubutu: Barua Moja na Maharagwe 13

Msomaji mpenzi, mwezi huu funga mfuko wako, tunaenda Lubutu. Kama wewe ni mtu wa Kolwezi ao wa Likasi, pengine jina hilo umelisikia tu katika habari za vita. Leo tutaenda kulitazama kwa macho mengine.

Lubutu iko upande wa kaskazini wa jimbo la Maniema. Ukitoka Kindu unapita Punia, na safari hiyo inaomba moyo wa subira, sana sana wakati wa mvua. Ukitoka Kisangani unashika balabala ya Bukavu, unapita Wanie-Rukula, kiisha pori linakufunika kuume na kushoto kwa kilometa nyingi. Njiani utapishana na vijana wanaosukuma kinga zilizobeba mafuta ya mawese, ndizi na mchele. Wasalimie. Jasho lao ndilo linalolisha soko.

Teritware ya Lubutu iko na sekta mbili, Bitule na Obokote. Wenyeji wengi ni Wakumu. Wanalima mihogo, mchele na ndizi, na wengine wanaingia mashimoni kutafuta dhahabu na kasiterite. Lakini ukifika mjini usikimbilie machimbo. Keti kwanza karibu na ofisi za Leta asubuhi, utazame watu wanaopita na karatasi mkononi. Habari ya safari yetu iko hapo.

MSAADA USIO NA ANWANI

Lubutu inajua msaada. Kilometa chache toka mjini ni Tingi-Tingi, mahali balabala yenyewe ilitumika kama kiwanja cha ndege. Mwisho wa mwaka 1996 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipiga kambi hapo, na ndege za msaada zikawa zinashuka katikati ya njia. Mwanzo wa Machi 1997 kambi ilikuwa tupu: vita vilikuwa vimefika, watu wamekimbia, na wengi walikufa njiani. Miaka ya nyuma yake Madaktari Wasio na Mipaka walikuja kusaidia hospitali kubwa ya Lubutu, wakakaa miaka kadhaa, wagonjwa wakatunzwa bila kulipa. Kiisha nao wakaenda.

Nilikuta barazani papa mmoja, mwalimu wa zamani, anayeandikia watu barua. Ana meza ndogo, komputa iliyochoka na jenereta inayokohoa. Nilimuuliza sababu gani watu wa hapa wanaandikia Leta kila siku, na majibu ni machache. Alinijibu:

"Ile musaada ilikuja na ndege, ikaenda na ndege. Haina anwani. Leta iko na anwani. Ndiyo maana tunaiandikia."

Barua zake zinaomba nini? Kijana anaomba kazi ya kulinda masomo usiku. Mwalimu aliyefundisha miaka mingi bila mshahara anaomba jina lake liingie katika orodha ya malipo. Mwingine anaomba cheti cha umaskini, ile karatasi inayoonyesha ya kuwa mtu hana mali, ili apunguziwe gharama za tribinali.

Siku ile alikuja mama mjane. Bwana wake alikuwa kantonye, alitengeneza balabala kwa jembe na chepeo mpaka siku aliyougua. Mama aliomba mtoto wake wa kwanza apewe nafasi ile ya baba. Alikuwa amekwisha kuandika mara mbili kwa ofisi moja ya mbali, ambayo sitaitaja.

"Mama, uko na kopi ya zile barua?" papa akamuuliza.

"Kopi ya nini, baba? Barua niliwapa wao."

"Walikupigia kashe fasi gani?"

Mama akanyamaza. Barua mbili, pesa za mihogo ya miezi mingi, na hata alama moja haikubaki mkononi mwake. Mbele ya ofisi ile, mama huyu hakuwa ameomba kitu.

WATU WA AYALANDI WALIANDIKA VILEVILE

Msomaji, usidhani mambo haya ni ya Wakongo peke yetu. Miaka mia mbili iliyopita, watu wa Ayalandi, kisiwa kilichotawaliwa na Uingereza, waliandika barua nyingi kwa serikali katika jumba la Dublin Castle. Mjane alihesabu watoto wake. Askari wa zamani alikumbusha vita alivyopigana. Kijana aliomba kazi ya polisi ao ya ofisi. Asiyejua kuandika alitafuta mwalimu ao padri amwandikie, na barua ilikuwa na nguvu zaidi kama mtu mwenye jina ameweka sahihi yake chini.

Uingereza ilikuwa na sheria ya kusaidia maskini tangu mwaka 1601. Ayalandi haikupata yake mpaka mwaka 1838, na hata hiyo iliwataka maskini waingie katika nyumba kubwa za kazi ndipo wapate chakula. Tangu 1845 ugonjwa ukaharibu viazi, chakula cha maskini. Serikali ikafungua kazi za kutengeneza balabala ili wenye njaa wapate mshahara kidogo. Mwezi wa Machi 1847 watu zaidi ya 700,000 walikuwa katika kazi hizo, wengi wao wakivunja mawe na tumbo tupu. Kiisha kazi zikafungwa. Katika miaka ile ya njaa watu karibu milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Balabala nyingine za wakati ule ziliishia katikati ya pori, hazikufika popote.

Unaona? Yule mama wa Lubutu anayeombea mtoto wake kazi ya balabala angeelewana vizuri na mama wa Ayalandi.

Tena kuna kamba nyingine inayotufunga na kisiwa kile. Roger Casement alizaliwa karibu na Dublin mwaka 1864. Alikuwa konsuli wa Uingereza katika Kongo ya mfalme Léopold wa Pili. Mwaka 1903 alipanda mto, akasikiliza wanakijiji wakieleza mateso ya mpira, akaandika. Ripoti yake ilitoka mwaka 1904, na kelele za dunia zikamlazimisha Léopold kutuma tume ya watu watatu. Mbele ya tume hiyo shefu Lontulu wa Bolima alileta vijiti 110. Kila kijiti kilikuwa mtu wake mmoja aliyeuawa juu ya mpira. Hakujua kuandika Kifaransa, lakini hesabu yake ilieleweka. Mwaka 1908 Léopold aliachishwa Kongo.

WAKATI MLANGO ULIPOFUNGWA

Lakini mateso hayakwisha na Léopold. Wazee wa Lubutu wanaujua mwaka 1944. Ilikuwa wakati wa vita kuu ya pili. Wajapani walikuwa wameshika Malaya, na bati ya Maniema ikatafutwa sana. Tangu 1942 Wabeleji waliongeza siku za kazi za lazima vijijini toka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Watu wakarudishwa porini kutafuta mpira, mambo waliyodhani yamekufa na babu zao. Kulikuwa balabala za kutengeneza, kulikuwa migodi.

Mtu mweusi angelalamika kwa nani? Mwisho wa 1941, wafanyakazi wa migodi walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kuomba mshahara uongezwe. Walijibiwa kwa risasi. Kiongozi wao Léonard Mpoyi aliuawa pamoja na wenzake wengi. Basi mwaka 1944, toka Masisi mpaka Lubutu, watu wakamfuata Bushiri Lungundu, Mkumu aliyehubiri Kitawala, wakainuka. Askari waliwazima. Waliouawa walikuwa wengi, na Bushiri mwenyewe alikamatwa.

Sisemi ya kuwa barua ingezuia yote. Ninasema ya kuwa mahali mtu anapoomba na kusikilizwa, mkuki unakaa nyumbani. Mahali mlango umefungwa siku zote, siku moja watu wanautafuta na shoka. Mkubwa wa Leta anayetupa barua chini ya meza afikiri jambo hilo.

SHERIA IKO UPANDE WAKO

Yale ambayo babu zetu wa 1944 hawakuwa nayo, wewe uko nayo. Katiba ya 2006, kifungu cha 27, inasema kila Mkongo ana haki ya kupeleka ombi kwa wakubwa wa Leta, peke yake ao pamoja na wengine, na wakubwa wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tena inasema mtu asishtakiwe kwa namna yoyote kwa sababu ameomba. Kifungu cha 36 kinasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu.

Ninyi wa machimbo, sikieni na hili. Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inasema 15 kwa mia ya ushuru wa madini unaolipwa na sosiete inakwenda kwa mtaa, sekta ao sheferi ambapo sosiete inachimba. Tena sosiete inapaswa kuandikiana na wenyeji mapatano ya kazi za maendeleo. Basi vijana wanaweza kuandika na kuuliza kwa heshima: fedha hizo zimefanya nini? Barua yenye majina 200 haipotei kwa urahisi kama barua yenye jina moja.

Papa wa barazani alinifundisha namna yake, nami ninakupa. Andika ombi moja tu katika barua moja. Ukiomba kazi, dawa na mabati pamoja, hutajibiwa hata kimoja. Taja kifungu cha 27. Toa makaratasi mawili. Moja ibaki ofisini, ya pili ipigwe kashe na kuandikwa tarehe, kiisha irudi katika mfuko wako. Usimlipe mtu anayesema atakuwekea sahihi ya mkubwa. Na usiandike uongo juu ya umaskini wako: mjane mmoja wa uongo anawafungia mlango wajane kumi wa kweli.

Kweli, jibu linaweza kuwa "hapana". Haki ya kujibiwa si haki ya kupewa. Lakini hapana yenye kashe ni kitu. Mtu anaweza kuipeleka mbele. Kimya hakipelekwi popote.

Mama yule alikubali kuandika mara ya tatu. Pasta wake aliweka sahihi. Mtoto mwenyewe aliipeleka barua mpaka ofisi, akarudi na kopi, kashe juu yake, nyekundu. Mama hajui kusoma, lakini anajua kuhesabu. Alitia maharagwe 13 katika kopo, Jumapili 13, kwa sababu hiyo ndiyo miezi mitatu. Kila Jumapili, akitoka ibadani, anatoa moja.

Nilipoondoka Lubutu yalibaki tisa. Nilimuuliza, "Mama, yakiisha bila jibu?"

Akacheka. "Nitaandika tena, mutoto wangu. Yule mujane wa Biblia na jaji wake, unafikiri alienda mara moja?"

Basi msomaji, ukipita Lubutu, msalimie. Na kama wewe ndiwe unayeketi nyuma ya meza ile ya kupokea barua, mahali popote katika inchi yetu, kumbuka ya kuwa kuna mtu nyumbani anahesabu maharagwe.