Machungwa Nane, Wageni Saba: Siku Niliyomsainia Mtu Saa Hewa

Najua mmezoea nikija hapa nakuja na ubuyu wa watu, nani kaachana na nani, nani kanunuliwa gari na nani. Leo ubuyu ni wangu mwenyewe. Na kama kawaida yetu majina sitaji, hata mkinibembeleza.

Iko hivi. Kabla sijaanza kuandika andika huku, nilikuwa nabangaiza Arusha kwenye kampuni moja ndogo ya utalii. Siyo mwongoza watalii kamili, hapana. Nilikuwa yule kijana wa kubeba mabegi, kuhesabu maji ya chupa, na kutafsiri kidogo pale dereva akikwama. Kiingereza changu cha kuokoteza kwenye muvi, lakini kinaenda.

Sasa mwezi wa saba mmoja tukapokea kundi la Wamarekani wanane. Mi nikajua ni wale wale wa simba na tembo, picha mbili tatu, wamerudi kwao. Kumbe hawa walikuwa walimu. Wote wanane, wanafundisha shule za kawaida tu jimbo la Pennsylvania. Na walikuwa na fomu!

Kila jioni baada ya chakula, mkuu wao wa msafara, mzee mmoja mpole mwenye ndevu nyeupe, anatoa faili. Leo tumefanya nini, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, nani alikuwepo. Wanaandika kwenye madaftari kama wanafunzi wanaosubiri mtihani. Mi nikamuuliza, "Babu, mko likizo au mko shule?" Akacheka, akasema, "Vyote viwili."

Akanielewesha, na mi nawaelewesha nyinyi, maana hii kitu wengi hatuijui.

Kule kwao mwalimu akishapata leseni ya kufundisha, siyo ndo imetoka. Majimbo mengi yanamtaka aendelee kusoma, la sivyo leseni inaweza kufa. Na kila jimbo lina masharti yake. Pennsylvania wanataka saa 180 za mafunzo kila miaka 5, au krediti 6 za chuo, maana krediti moja inahesabika saa 30. Texas ni saa 150 kwa miaka 5. New York ni saa 100 kwa miaka 5 hiyo hiyo. Wengine wanazimaliza kwa semina za shuleni kwao, wengine wanasoma kwenye intaneti. Na wengine, kama hawa wageni wangu, wanazitafuta safarini. Hata serikali yao imeshapeleka walimu nje kusoma lugha na maisha ya watu kwa mpango unaoitwa Fulbright-Hays, sheria yake ni ya mwaka 1961. Ila hawa wa kwangu hawakulipiwa na serikali. Walijilipia mfukoni.

Lakini msidhani ukipanda ndege tu saa zinaanza kuhesabika. Mzee aliniambia, kumwangalia simba ni sifuri. Kuogelea ni sifuri. Kinachohesabika ni kile ulichojifunza cha kupeleka darasani kwako, tena mara nyingi inabidi uombe kibali kabla hujasafiri. Ukirudi unaandika ulichokiona na unatengeneza somo la kuwafundisha watoto wako. Anayetaka krediti za chuo analipia zaidi, na kazi za kuandika zinaongezeka.

Basi siku kubwa kwenye ratiba yao ilikuwa siku ya shule. Saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, saa sita nzima kwenye shule moja ya msingi upande wa Meru. Na hapa ndo stori inapoanza kuwa ya kwangu, kwa sababu hiyo shule nilisoma mimi.

Nilipoona jina kwenye ratiba moyo ulifanya paa. Mi sijafika pale tangu nimalize darasa la saba. Na mwalimu aliyepangwa kupokea wageni ni Madam wangu wa hisabati wa darasa la tano. Jamani, huyu mama alikuwa akiniambia nitafika mbali. Mi nikafika form four, nikapata division four, nikaishia kubeba mabegi ya Wazungu. Unarudije kwa mtu kama huyo?

Asubuhi ya safari, mgeni mmoja hakushuka kupanda gari. Dada mmoja, umri wa thelathini na kitu, mchangamfu kuliko wote. Akatuma ujumbe kwamba tumbo linamsumbua, anabaki loji. Tukampa pole, tukaondoka na wageni saba.

Madam alituona mbali akaja mpaka kwenye gari. Nikainamisha kichwa. "Shikamoo Madam."

"Marahaba. We si ndo yule wa dawati la nyuma, wa maswali mengi?"

Nikasema ndo mimi. Akanishika bega, akasema, "Haya, leo utanisaidia kutafsiri. Karibu kazini." Kazini! Hakuniuliza division. Nikajikaza nisitoe machozi mbele za watu.

Sasa mngeona alivyofundisha. Darasa lina watoto 80 na kitu, madawati ya kubanana, ubao umechoka. Somo ni sehemu, yaani nusu, robo, theluthi. Madam katoa machungwa kwenye mfuko, kampa kila mgeni moja na kisu, kawapanga wageni katikati ya makundi ya watoto. Watoto ndo wanamwelekeza mgeni akate vipi: "Nusu! Sasa robo! Robo tatu mpe huyu!" Wazungu wanakatishwa machungwa na watoto wa miaka kumi, darasa zima linacheka.

Halafu mgeni mmoja akauliza, kupitia mimi, "Watoto wote hawa, unajuaje nani hajaelewa?"

Madam hakujibu. Akaandika swali ubaoni: robo mbili ni sawa na nini? Akaweka majibu matatu, moja, mbili, tatu. Akasema, "Wote someni. Sasa fumbeni macho. Onyesheni namba ya jibu kwa vidole." Mikono 80 hewani, macho yamefumbwa, hakuna wa kumwangalizia mwenzake. Yeye akapita haraka haraka kuangalia vidole. "Huyu, huyu, na wale wanne pale. Hao nitakaa nao mchana." Sekunde chache tu, mtihani umekwisha, hakuna mtoto aliyeaibika.

Yule mzee, mwenye miaka 27 kazini, aliacha kuandika, akabaki anamwangalia tu. Kwenye gari tunarudi akaniambia hiyo ya vidole anaenda kuianza siku ya kwanza shule ikifunguliwa.

Tuje kwenye aibu sasa.

Yule dada wa tumbo, kumbe mi nilikuwa namfuata Instagram. Narudi jioni nafungua simu, nakuta kapost. Saa nane mchana, yupo pembeni ya bwawa la kuogelea, miwani ya jua, mkononi juisi, pembeni mifuko ya vinyago kutoka sokoni mjini. Na maneno juu: siku ya kujifunza Afrika. Nikasema hili tumbo limepona vizuri hahaha.

Usiku akaniita pembeni. Sauti ya chini, tabasamu kubwa. Mzee alikuwa amenipa mimi fomu ya siku hiyo, niandike majina ya waliohudhuria, kesho yake niipeleke shule ikasainiwe na kupigwa muhuri. Dada akasema, "Niandike na mimi. Ni saa sita tu, hazimuumizi mtu." Akaniwekea dola 20 mkononi.

Wadau, msinihukumu haraka. Kodi ya chumba nilikuwa nadaiwa miezi miwili, na mwenye nyumba alishaanza kugonga mlango alfajiri. Nikaandika. Majina nane. Tumesikia wafanyakazi hewa, tumesikia wanafunzi hewa, mi nikatengeneza mwalimu hewa kutoka Marekani.

Asubuhi nikapanda bodaboda mpaka shuleni. Madam akavaa miwani, akaisoma fomu taratibu, mstari kwa mstari, kidole kikishuka. Akarudia tena. Kisha akaniangalia.

"Hapa majina nane."

"Ndiyo Madam."

"Juzi niliambiwa wanakuja wanane, nikanunua machungwa manane kwa hela yangu. Moja nilirudi nalo nyumbani, mjukuu wangu kalila jana usiku."

Nikakosa pa kuangalia. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Akaiweka kalamu juu ya fomu, akaisogeza upande wangu. "Mimi nilishawahi kukupa alama ambayo hukuipata?"

"Hapana Madam."

"Basi niambie wewe. Nisaini au nisisaini?"

Nadhani zilipita dakika mbili hivi. Nilikuwa nafikiria cheti changu cha form four. Division four, nakificha kwenye begi chini ya nguo. Lakini ile four ni yangu. Hakuna mtu aliyeniandikia. Nikachukua kalamu, nikakata jina la nane, nikaweka sahihi yangu pembeni. Madam akasaini, mwalimu mkuu akagonga muhuri.

Kurudi loji nikamweleza mzee kila kitu, na dola 20 nikaziweka mezani. Akanyamaza, kisha akasema kitu ambacho mi sikukiwaza. Fomu ile ndo ushahidi wa kundi zima. Ikigundulika jina moja ni la uongo, hata saa za wale saba waliokata machungwa zinatiliwa shaka. Kumbe zile "saa sita tu hazimuumizi mtu" zingewaumiza watu saba.

Yule dada hakunisemesha mpaka tunaagana KIA. Tipu yake sikuiona, na bosi aliposikia akaniambia kazi yetu ni kumridhisha mteja, siyo kuwa polisi wake. Msimu uliofuata simu yangu haikuita. Mwenye nyumba naye hakunisubiri, nikahamia kwa mshikaji Sakina. Kwa hiyo msije mkadhani ukweli ulinilipa. Ulinigharimu.

Ila kabla hawajaondoka nilimuuliza mzee swali moja. Nyie mmepata saa zenu sita. Aliyewafundisha kapata ngapi?

Maana na walimu wetu wanajiendeleza. Kuna ile MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, wanakutana pale pale shuleni au kwenye kituo cha walimu, wanafundishana wenyewe kwa wenyewe. Madam ana madaftari yake ya MEWAKA yamejaa. Na siku ile alikuwa ameongoza mafunzo ya walimu saba wa nje, kwa machungwa aliyonunua mwenyewe, na hakuna aliyefikiria kumwandikia hata mstari mmoja.

Mzee akaona haya. Usiku ule ule akaandika barua: kwamba mwalimu fulani, siku fulani, aliongoza mafunzo ya saa sita kwa walimu saba kutoka Pennsylvania, na mbinu yake ya vidole watakwenda kuitumia kule, kwa jina lake. Wote saba wakasaini.

Nikampelekea mwenyewe. Ile barua haikumpandisha daraja wala mshahara, tusidanganyane. Aliisoma nikimtafsiria, akahesabu sahihi kwa kidole kama kawaida yake. Saba. Akacheka, akaiingiza kwenye faili la nailoni pamoja na vyeti vyake.

Halafu akaniuliza, "Na wewe unafanya nini na hayo maswali yako mengi?" Nikamwambia sijui, labda niandike. Akasema, "Basi andika. Ila usiandike ambacho hakikuwepo."

Ndo maana niko hapa. Na ndo maana nikileta ubuyu wangu nahakikisha kwanza.

Sasa semeni kweli wadau, kodi ya miezi miwili, dola 20 mkononi, ungekuwa wewe ungekata lile jina? Tukutane kwenye komenti, na kama una mwalimu aliyekutengeneza, mtumie hii.