Kwaya ya Vijana Haiishi kwa Makofi

Siku ya mashindano ya kwaya watu hawakosi. Wazee huketi safu ya mbele wakiegemea bakora zao, akina mama hupiga vigelegele, na hotuba za wakubwa huwa ndefu kuliko nyimbo zenyewe. Kesho yake kila mtu hurudi shambani au ofisini, na mwalimu wa kwaya hubaki peke yake na vijana wake, ubao mmoja, na kopo la chaki lililokwisha. Hapo ndipo kwaya nyingi za vijijini hufa, wala si kwa kukosa sauti nzuri.

Nchini Kenya tamasha la muziki lilianza mwaka 1927, na hata sasa wanafunzi wengi hushindana humo kila mwaka. Walakini kijana akimaliza shule huliacha jukwaa hilo. Jioni zake huwa tupu, na vilabu vya pombe viko tayari kuzijaza. Kwaya ya kijiji, ikiwapo, huwapokea wote wawili, aliyetoka shule na aliye bado darasani.

Akina baba wengi huuliza, "Mwalimu, kuimba kutaleta unga nyumbani?" Swali hilo si la kuchekwa. Mtu mwenye ekari mbili za mahindi yanayongoja palizi ana haki ya kujua mwanawe yuko wapi saa kumi na moja jioni. Mwalimu mwenye busara humjibu kwa vitendo: hupunguza mazoezi wakati wa palizi, huyaanza na kuyamaliza kwa saa aliyoitaja, na huona kwamba wasichana wanarudi makwao pamoja kabla giza halijaingia. Binti mmoja akichelewa siku moja tu, nusu ya sauti ya kwanza huondolewa na wazazi juma lile lile.

Gharama yake si kubwa kama inavyodhaniwa. Njia ya kuimba kwa do, re, mi, ambayo mhubiri John Curwen aliipata kwa mwalimu Sarah Glover na kuieneza Uingereza katika karne ya 19, ilifaa hasa watu wasio na piano wala fedha za kununua vitabu vya noti. Chaki na ubao vyatosha. Mkono wa mwalimu hupanda na kushuka, na sauti nne zafuata. Vinavyogharimu kweli ni nauli ya kwenda mashindanoni, na subira.

Subira hiyo huhitajika zaidi kwa wavulana. Aliyeimba vizuri sauti ya pili akiwa na miaka 12 huweza kufika 14, sauti ikampasukia katikati ya wimbo, wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu asiyejua humfukuza, au humlazimisha kupaza sauti mpaka koo limuume. Anayejua humwambia aimbe polepole, pale tu anapofika bila kujikamua, kisha baada ya miezi kadhaa humhamishia kwenye tena au besi. Kwaya ngapi zimelalamika kwamba hazina besi, kumbe zilizifukuza zenyewe!

Wako wazee wadhanio kwamba hawana la kuchangia kwa kuwa hawakusoma muziki. Mwaka 1963, Kenya ilipotafuta wimbo wake wa taifa, kamati ya watu watano iliyoongozwa na Graham Hyslop, wakiwamo George Senoga-Zake na Thomas Kalume, haikuagiza sauti ng'ambo. Ilichukua wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, uliotolewa na Mzee Meza Morowa Galana wa Mto Tana, na ndio ulioimbwa Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba mwaka ule. Sauti ya akina mama waliokuwa wakiwalaza watoto kando ya mto leo huwasimamisha mawaziri na majaji.

Bibi akaaye jikoni akichambua maharage huenda anao wimbo wa mavuno ambao haumo katika kitabu chochote. Vijana wakimwendea na daftari, kwanza atacheka na kusema amesahau. Wakirudi mara ya pili, wakiwa wamemchotea maji, atauanza. Na wakikosea neno moja atawakatiza na kuwarudisha mwanzo.